Zeze la Ugogo na Kanuni ya Pwani Katika Wimbo Mmoja: Namna ya Kuutunga

Nyimbo nyingi za mchanganyiko hufia mahali pawili. Pa kwanza ni kwenye sauti: ilimba (ala ya Wagogo yenye vyuma vinavyopigwa kwa vidole) inalia Mi yake, ile sauti ya tatu ya Do-Re-Mi, kanuni (ala ya taarabu yenye nyuzi nyingi) inalia Mi yake, na msikilizaji ambaye hajawahi kushika ala anakunja uso bila kujua kinachomkera. Pa pili ni kwenye maneno: beti zimehesabiwa vizuri mezani, lakini zikipandishwa juu ya ngoma zinachechemea. Mengine yote, kuanzia mavazi hadi picha ya jalada, yana dawa baadaye. Haya mawili yakikosewa mwanzoni, hakuna fundi wa studio atakayeyaokoa.

Mwongozo huu unatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: ilimba na zeze (ala ya nyuzi ya kupigwa kwa upinde) za Wagogo wa Dodoma zikikutana na taarabu na kidumbak cha Unguja, ile taarabu ya mtaani yenye ngoma ndogo. Mfano huu ni mgumu kwa makusudi, kwa sababu pande hizi mbili hazina mpangilio mmoja wa sauti.

1. Sikiliza kwanza, na omba ruhusa

Usianze kutunga kabla hujaweza kuimba nyimbo tatu za kila upande bila kusoma popote. Msikilize Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo aliyefariki 2003, kwa upande wa ilimba na zeze. Kwa upande wa Pwani sikiliza vikundi vya zamani vya Unguja, kisha kidumbak cha mtaani chenye sanduku (besi ya uzi uliofungwa kwenye mti) na fidla. Rekodi peke yake haitoshi. Kaa na mpigaji, mwombe apige polepole, urekodi kwa simu vidole vyake pamoja na sauti. Chamwino, Dodoma, hufanyika tamasha la muziki wa Cigogo. Unguja kuna Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi. Bagamoyo kuna TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni. Kote huko utapata watu wa kukuelekeza.

Ukikutana na wimbo wa jando au unyago, uliza kabla ya kunakili hata mstari mmoja. Baadhi ya nyimbo hizo zina mafunzo yasiyotoka nje ya kiwanja, na kungwi au mzee akisema hapana, jibu ni hilo. Kuchukua mdundo ni rahisi zaidi kukubaliwa kuliko kuchukua maneno.

2. Amua nani mwenyeji, nani mgeni

Wimbo una tabaka tatu: sauti, mdundo na maneno. Kila tabaka iwe na mwenyeji mmoja. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Unguja aliyerekodi Bombay 1928, ni mfano mzuri: sauti ilikuwa na wenyeji wa Kiarabu, maneno yakawa na wenyeji wa Kiswahili, na kila mtu alijua amesimama wapi. Tatizo huanza pale pande zote mbili zinapotaka kuwa mwenyeji wa tabaka moja kwa wakati mmoja.

Katika mfano wetu, mwenyeji wa sauti ni ilimba, mwenyeji wa mdundo ni Pwani, na mwenyeji wa maneno ni shairi la Kiswahili. Kwa nini ilimba? Kwa sababu ndiyo isiyosogea kirahisi. Fidla, udi, zeze, sanduku na koo la mwimbaji vinaweza kufuata sauti yoyote. Ilimba haiwezi, isipokuwa kwa kazi ya siku nzima.

Akodiani na kinanda viache nje katika wimbo wa kwanza. Watu hawapendi kusikia hivyo, kwa kuwa taarabu nyingi zimezoea akodiani, lakini ala hizo sauti zake zimepangwa kiwandani na hazitakubaliana na ilimba hata ukizibembeleza.

3. Sauti: hapa ndipo pa kukaa

Chukua simu yenye programu ya kutyuni inayoonyesha senti, yaani vipande 100 vya kila nusu toni. Piga vyuma vya ilimba kimoja kimoja, uandike namba zake kwenye daftari. Kwa ilimba iliyofungwa vizuri, yaani iliyotyuniwa, utakuta sauti tano: Do, Re, Mi, So na Ti ya kulaza (iliyoshushwa nusu toni), ambayo wanakwaya huiita Ta. Tafuta Do yake na uihesabu kuwa sifuri, halafu linganisha nyingine na za kinanda. Re itakuwa juu kidogo, kama senti 4. So itakuwa juu kwa senti 2, tofauti isiyosikika. Mi itakuwa chini ya Mi ya kinanda kwa senti 14 hivi, na Ta itakuwa chini kwa senti 31 hivi. Ilimba ya mtu fulani inaweza kupishana kidogo na namba hizi, lakini sura ni hiyo.

Namba hizo hazimaanishi kwamba ilimba imeharibika. Ndizo sauti zinazojitokeza zenyewe ndani ya uzi mmoja unaotetemeka, na Wagogo wamejenga muziki wao juu yake. Fundi akikuambia "ngoja nikuwekee sawa", mzuie.

Sasa ugeukie Pwani. Katika makamu za Kiarabu, yaani mipangilio yao ya sauti, jirani wa karibu wa ilimba ni rasti inaposhuka: Do, Re, Mi iliyoshushwa robo toni, Fa, So, La, Ti ya kulaza. Do, Re na So zinakaa pamoja bila ugomvi. Ugomvi mkubwa uko kwenye Mi. Ya ilimba iko senti 386 juu ya Do, ya rasti iko karibu na 350. Zikilia pamoja katikati ya sauti ya kawaida ya mwanamke, zinatetemeshana karibu mara 7 kwa sekunde, na huo ndio ule mkwaruzo unaomkunja mtu uso. Ta nayo inapishana, kwa senti 27 hivi.

Makamu ya hijazi usiiguse hapa. Ina hatua ndogo na hatua pana ambazo ilimba haina mahali pa kuzijibia, na matokeo yake ni ala mbili zinazopiga nyimbo mbili.

Kuna njia tatu za kutatua Mi. Ya kwanza ni kupeana zamu: kanuni na fidla zikiimba kifungu chenye Mi ya rasti, ilimba ibaki kwenye Do, Re na So tu. Ya pili ni kanuni kuifuata ilimba: shusha au pandisha nyuzi za Mi peke yake, nyuzi tatu kwa kila sauti, kwa vishikizo vidogo vilivyo pembeni kama vipo, au kwa ufunguo kama havipo. Ya tatu ni kuikwepa Mi kabisa kwenye tuni. Njia ya tatu ni ya woga, na wimbo hutoka mwembamba. Tumia ya kwanza kwenye beti na ya pili kwenye kiitikio. Mpigaji kanuni atahitaji sekunde chache za kuhama, kwa hiyo mwachie nafasi mwishoni mwa kila ubeti.

Usijaribu kuifunga kanuni yote upya ili ifuate ilimba iliyo robo toni kando. Ina nyuzi zaidi ya 70, na ukimaliza ya mwisho, za kwanza zimekwisha kulegea. Ikiwa Do ya ilimba imekaa katikati ya sauti mbili za kanuni, ilimba ndiyo ihamishwe, na ihamishwe yote.

4. Kuhamisha ilimba bila kuiua

Utahitaji nyundo ndogo, kitambaa kizito, nta ya nyuki na subira. Chuma kikisukumwa kuingia ndani, sehemu inayotetemeka inafupika na sauti inapanda. Kikivutwa nje, sauti inashuka. Weka kitambaa kwenye ncha na ugonge kidogo sana. Chuma chenye sehemu huru ya sentimita 5 kikisogea milimita 1 tu, sauti hubadilika kwa senti 70 hivi. Hapo umeshapita ulipotaka kwenda. Kwa marekebisho madogo tumia nta: bandika chini ya ncha kipande kisichozidi punje ya mtama, sauti itashuka taratibu. Ukizidisha, punguza kwa ukucha.

Kosa linalojirudia ni kurekebisha vyuma vinavyopigwa na kuviacha vile visivyopigwa. Ilimba ya Kigogo ina vyuma vinavyolia vyenyewe kwa kuitikia wenzao. Ukihamisha vya katikati tu, hivyo vya pembeni vinakosa wa kumwitikia, na ala inakuwa bubu kana kwamba imewekwa ndani ya godoro. Mpigaji atalaumu ubao. Ubao hauna kosa. Vyuma vyote vihame kwa kiasi kilekile.

Utando wa buibui uliobandikwa kwenye tundu usiondolewe. Ule mvumo wake ni sehemu ya sauti.

Zeze lina shida nyingine, nayo ni hewa. Ngozi iliyokazwa Dodoma kwenye ukavu hulegea ikifika Unguja, na sauti inashuka. Lifikishe siku moja kabla, lining'inize mbali na dirisha la baharini, ulityuni asubuhi ya mazoezi na tena kabla ya kupiga. Usilikaze kwa nguvu siku ya kwanza, waya utakatika. Chukua waya wa akiba, angalau miwili kwa kila uzi. Vidumbak, zile ngoma ndogo, navyo hupashwa moto kabla ya kupigwa na kurudishwa motoni kila vinapoanza kulia mzito.

5. Maneno: mizani 8 pekee hazitoshi

Wimbo wa taarabu hukaa vizuri kwenye ubeti wa mishororo mitatu, kila mshororo mizani 16, yaani vipande viwili vya mizani 8, wenye vina vya kati na vya mwisho. Huu hapa ubeti wa kufanyia kazi:

Nimetoka bara mbali, nikafika mwambaoni
Pepo zikanikubali, nikalala ufukweni
Zeze langu la asili, laitikwa na kanuni

Mdundo tuliouchagua ni wa vipigo vidogo 12, kama wa chakacha: mapigo makubwa manne, kila moja limebeba vidogo vitatu. Kipande cha mizani 8 kinaingia kwenye mzunguko mmoja hivi: mizani ya kwanza inachukua vipigo viwili, ya pili kimoja, ya tatu viwili, ya nne kimoja, na kuendelea hivyo. Kwa maneno mengine, mizani za namba witiri ni ndefu na zinaangukia pigo kubwa. Imba ukipiga kofi kwenye herufi kubwa:

NI-i-me | TO-o-ka | BA-a-ra | MBA-a-li

Angalia mkazo wa kila neno. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: nimeTOka, BAra, MBAli. Silabi hizo ni ya tatu, ya tano na ya saba, zote witiri. Kofi na mkazo vinakutana. Pima vipande vitano vilivyobaki, utaona vyote vinatii: nikaFIka ya tatu, mwambaOni ya saba, PEpo ya kwanza, laiTIkwa ya tatu.

Sasa jaribu kipande hiki, ambacho nacho kina mizani 8 kamili na kina cha "li":

NI-i-ka | U-u-ku | TA-a-u | KWE-e-li

"Nikaukuta ukweli." Mezani ni safi. Kwenye ngoma mkazo wa nikauKUta umeangukia mizani ya nne, kwenye kipigo kifupi, na msikilizaji anasikia "nika-uku ta-ukweli". Huko ndiko kuchechemea kunakosemwa. Dawa yake si kukimbiza mdundo. Badilisha neno: "Nikajua la ukweli". Sasa JU ni ya tatu, KWE ni ya saba, na kipande kinatembea. Sheria ya kukumbuka kalamu ikiwa mkononi: katika kipande, neno la kwanza likiwa na silabi nne au mbili, utakuwa salama. Likiwa na silabi tano au tatu, lipime mara mbili.

Wapo wanaodhani mkazo ni urembo tu. Mwimbie Mswahili neno "barabara" mara mbili: mkazo ukiwa kwenye "ra" ya kwanza, baraBAra haipo tena, umemwambia jambo limekwenda sawasawa, baRAbara. Njia imegeuka kuwa sifa.

Katika mdundo wa nne wa kawaida wa taarabu, ambao pigo kubwa hubeba vidogo vinne, mizani zote zinalingana urefu na kosa kama la "nikaukuta" hujificha. Ndiyo maana mtunzi aliyezoea taarabu hushangaa beti zake zikimgeuka anapoingia kwenye mdundo wa tatu tatu.

Maneno ya Cigogo, ukiyatumia, yawekwe kwenye kiitikio, yawe machache, na mzungumzaji wa lugha akusikilizie. Sauti za kupanda na kushuka za Cigogo zinaweza kugongana na tuni yako, na wewe hutaona tofauti.

6. Kiitikio na sauti ya pili

Taarabu ya Pwani huimbwa na kupigwa kwa tuni moja, kila ala ikiipamba kwa namna yake. Wagogo huimba sauti mbili au zaidi. Usizichanganye ndani ya ubeti. Ubeti uwe wa mwimbaji mmoja, kiitikio kiwe cha wengi.

Kiitikio kiwe kifupi, kipande kimoja cha mizani 8: "Zeze lia, zeze lia." Kuipata sauti ya pili kwa namna ya Kigogo, panga sauti tano kwa mstari, Do Re Mi So Ta, na kila sauti ipewe mwenzake kwa kuruka moja. Do inakwenda na Mi, Re na So, Mi na Ta, So na Do ya juu, Ta na Re ya juu. Waimbaji waliolelewa kwenye kwaya watafika kwenye Mi na Ta, waone imekaa vibaya, na waigeuze kuwa Mi na So bila kukuambia. Wasikilize mmoja mmoja. Ile ya Mi na Ta ndiyo inayofanya kiitikio kisikike kimetoka Ugogo, na ikipotea unabaki na wimbo wa mapambio.

7. Mpangilio na mwendo

Anza na mapigo makubwa 92 kwa dakika. Kwa mwendo huo mzunguko mmoja ni sekunde 2.6. Ubeti una vipande sita, hivyo mizunguko sita. Ongeza jibu la ala la mizunguko miwili baada ya kila mshororo, ubeti unafika mizunguko 12, kama sekunde 31. Beti nne ni dakika mbili na sekunde chache. Ukiweka utangulizi wa ilimba peke yake, viitikio, na sehemu ya fidla na zeze kujibizana, wimbo utakaa kwenye dakika tano, na hapo patosha.

Mkwasa (vijiti vinavyogonganishwa) ushike mapigo makubwa tangu mwanzo hadi mwisho, usipambe. Ukitaka kuhamia mdundo wa nne katikati ya wimbo, pigo kubwa libaki na urefu uleule, kinachobadilika ni migao ya ndani. Vikundi vingi hupunguza mwendo hapo, kwa sababu mpiga vidumbak anapotoka kwenye migao mitatu kwenda minne anajaribu kuweka urefu wa kipigo kidogo badala ya kikubwa. Mfanyishe zoezi la mizunguko minane ya mdundo mmoja na minane ya mwingine, mkwasa ukiwa peke yake, kabla ya kuongeza ala yoyote.

Sanduku lifuate Do na So za ilimba. Mpigaji wake anabadili sauti kwa kukaza au kulegeza mti, kwa hiyo mkalishe karibu na ilimba, asikie vizuri.

8. Studio

Mwambie fundi mambo matatu kabla hajafungua mashine. Asitumie programu ya kunyoosha sauti kwa mwimbaji wala kwa zeze, kwa kuwa itasogeza kila Mi na kila Ta kwenda kwenye kinanda, na kazi yote ya hatua ya tatu itafutika kwa kubofya mara moja. Asikate mvumo wa ilimba akidhani ni kelele ya waya. Na kwanza arekodi ilimba na mkwasa, wengine waongezwe juu yake. Maikrofoni ya ilimba ikae sentimita 20 hadi 30 kutoka kwenye tundu, kwa pembeni kidogo.

9. Majina na mgao

Kila aliyetoa kitu aandikwe: mtunzi wa maneno, mtunzi wa tuni, mpigaji aliyeleta kifungu chake cha ilimba, na kijiji au kikundi ulikojifunza mdundo. Kama tuni ni ya jadi, andika "ya jadi" pamoja na kabila lake, usijiandike wewe. Wimbo unasajiliwa kwenye ofisi ya hakimiliki: Tanzania Bara COSOTA, Zanzibar COSOZA, Kenya KECOBO. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 ya Tanzania Bara inazigusa pia sanaa za jadi zinapotumiwa kibiashara, kwa hiyo pitia BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, kabla ya kuuza.

Mgao wa fedha uandikwe kwa asilimia kwenye karatasi moja kabla ya siku ya kurekodi, wote wakiwa chumbani. Mzee asiyesoma asomewe kwa sauti, na ikibidi kwa Cigogo, na mtu aliyemchagua yeye mwenyewe. Kila mmoja atie sahihi au dole gumba, na aondoke na nakala yake.